Ukuta Kati Yangu na Barke

Siku niliyoingia nyumba ile naikumbuka kwa harufu ya rangi. Nilikuwa bibi harusi mbichi, nimetoka Siyu na masanduku yangu, na baba mkwe wangu akanitangulia ngazini akinionyesha kila kitu kwa fahari: mfereji unaotoa maji jikoni, choo cha ndani kwa ndani, sakafu ya saruji inayong'aa, na mlango wa chuma wenye komeo zito. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba, akasema, "Hapa, mwanangu, hakuna atakayekusumbua." Nilimshukuru kwa moyo wote. Sikujua, naye hakujua, jinsi maneno yale yatakavyokuwa kweli.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu vijana wa Lamu siku hizi mnajenga. Nyumba ya babu ikianza kupasuka mnaivunja, na mahali pake panainuka ghorofa za kupangisha. Sina ugomvi na hilo. Watu wameongezeka, wageni wanakuja kufuata kazi za bandari, na wajukuu wote wa mtu mmoja hawawezi kubanana katika vyumba alivyowaachia. Ninachokuomba ni unisikilize kabla hujampeleka mchoraji ramani kwenye kiwanja chako. Mimi nimeishi ndani ya ramani aliyochorewa mtu mwingine tangu ujana wangu hadi leo, na najua ilinifanya nini.

Pale Langoni, mtaani kwetu, kabla ya ghorofa, palikuwa na nyumba kuukuu ya mawe ya ukoo wa mume wangu. Mimi sikuiona imesimama. Niliijua kwa kusimuliwa na Bi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba mkwe wangu, aliyezaliwa na kulelewa humo. Mbele ilikuwa na daka, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe huku na huku, wanaume wakikaa hapo jioni na mgeni akingoja hapo mpaka aitwe. Ukishavuka mlango, njia ya kuingilia ilikata kona ndipo ukafika uani. Kwa hivyo mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, na mpita njia hakuweza kumwona mwanamke aliye ndani hata akikodoa macho. Na ghorofani, katika chumba cha wanawake, palikuwa na mlango mdogo uliotokea nyumba ya pili. Wanawake wa nyumba mbili hizo walipita hapo kuazimana chumvi, kupakana hina, kuuguzana, bila ya kuvaa buibui wala kushuka njiani.

Boriti za nyumba ile zilioza, ukuta mmoja ukafanya tumbo, na baba mkwe wangu, Bwana Athmani, akaona aivunje kabla haijamwangukia mtu. Hakuwa mtu mbaya. Nataka ulijue hilo mapema, kwa sababu nyumba nyingi zinazowaumiza watu zimejengwa na watu wema. Yeye alikulia katika msongamano wa mashangazi na mabinamu, jiko moja la kugombaniwa, hakuna siri ya mtu isiyofika uani kabla ya chakula cha mchana. Alichoka. Aliapa kwamba akipata uwezo, kila mwanawe atakuwa na mlango wake. Akapata uwezo, akajenga.

Chini kabisa palikuwa na karakana aliyowapangisha mafundi wa vitanda na milango. Juu yake kulikuwa na ghorofa, na kila ghorofa ilikuwa na nyumba mbili, moja kulia na moja kushoto, ngazi ikipanda katikati. Milango ya nyumba hizo mbili ilitazamana. Huko nyuma, majiko yake yaligawana ukuta mmoja. Kiwanja kilikuwa kidogo, na Bwana Athmani hakutaka kupoteza hata shubiri, kwa hivyo ngazi ilikuwa nyembamba, watu wawili hawapishani ila mmoja ajibanze. Paa alilitia matangi ya maji, akalifunga kwa kufuli watoto wasije wakaanguka. Nyumba moja alimpa mume wangu, Shee. Nyingine alizipangisha.

Mwanzoni nilikuwa na furaha, sikufichi. Kwetu Siyu tulikuwa tukiteka maji kisimani, na mimi hapa nafungua mfereji tu. Nikiamka nafagia, napika, nafua, na kabla ya saa nne kazi imekwisha. Kisha nakaa. Shee alikuwa mnunuzi wa samaki na kamba. Alikwenda Mkokoni kwa wavuvi akikaa huko siku nyingi, akirudi ananuka chumvi na amechoka. Akiondoka, sauti ya mtu ninayoisikia ni ya redio.

Mlango wa mbele yangu ulikuwa wa Barke, mke wa mwalimu, mtu wa Pate, kisiwa kile kile chenye Siyu yetu, umri wetu mmoja. Ungedhani wasichana wawili wa kisiwa kimoja, waliotenganishwa na ukumbi wa ngazi tu, watakuwa kama pacha. Lakini fikiri, mwanangu. Nikiufungua mlango wangu, ninaona mpaka ndani kwake, na mumewe anarudi adhuhuri na kukaa pale chumbani na fulana. Naye akifungua wake, ananiona mimi ninavyopika na kanga kifuani. Kwa hivyo tulifunga. Tulifunga kwa adabu, kila mmoja akimstahi mwenzake. Tukikutana ngazini tumevaa mabuibui, gizani, na nyuma ya mmoja wetu kuna mwanamume anayengoja kupita. Tunaulizana hali kwa haraka, tunajibanza, tunaachana.

Na ukuta ule wa jikoni ulikuwa mwembamba. Nilijua siku Barke anayopika nazi na siku anayokaanga. Nilijua mwanawe wa kwanza alipokuwa na kifaduro, nikahesabu kila kikohozi chake usiku mzima, na asubuhi sikwenda kumuuliza, kwa sababu nilioga na kuvaa, kisha nikasikia sauti ya mumewe bado yuko, nikavua. Naye vilevile alinisikia nikilia siku mbili tatu. Aliniambia baadaye kwamba aliwahi kusimama nyuma ya mlango wake na sahani ya vitumbua mkononi, akasubiri ngazi iwe tupu, mpaka vitumbua vikapoa akaona aibu kuvileta.

Nilianza kukonda. Nikienda Siyu kumtazama mama, nasema neno moja moja kama mtu aliyesahau kuongea. Mama akadhani naonewa na mume. Nilimwambia siyo, Shee ni mwema. Akaniuliza basi ni nini, nami sikuwa na jina la kumpa. Nani angenielewa nikisema naumwa na nyumba mpya yenye mfereji?

Kisha nikashika mimba, nikafurahi tena. Nikasema sasa nitapata wa kuzungumza naye.

Mama alikuwa aje kukaa nami mwezi wa kujifungua. Masika yalikuwa mazito mwaka ule, bahari ikachafuka, na mashua za kutoka Pate hazikutoka. Shee alikwama Mkokoni kwa sababu hiyo hiyo. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Nilikuwa na wiki kadhaa mbele yangu, kwa hivyo sikuwa na hofu.

Uchungu ulinianza asubuhi, mvua inanyesha, kabla ya wakati wake. Nilidhani ni tumbo tu. Nikapika chai, nikakaa. Kisha maji yakanitoka na miguu ikakataa. Komeo la mlango lilikuwa juu, nami nimelifunga barabara kama nilivyozoea. Nilijikokota mpaka pale, nikanyoosha mkono, sikulifikia. Nikapiga kelele. Dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa nyumba ya nyuma, karibu hivi, na chini yake palikuwa na mabati ya karakana. Mvua ilivyokuwa ikiyapiga mabati yale, hata mimi mwenyewe sauti yangu sikuisikia vizuri. Ndipo nikatambaa mpaka kwenye ukuta kati yangu na Barke, nikashika mchi wa kinu cha viungo, nikaanza kugonga.

Chini, mafundi nao walikuwa wakigonga.

Mtoto alizaliwa. Alikuwa wa kike. Alilia, mwanangu, nataka ujue kwamba alilia, sauti ndogo sana, lakini alilia. Nilimfunga kwa kanga, nikamweka kifuani, nikaendelea kugonga kwa mkono mmoja. Sikuwa na nguvu ya kufanya jingine wala sikujua namna ya kufanya. Baadaye hakulia tena. Sikuacha kugonga, kwa sababu nikiacha nitalazimika kumtazama.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Mafundi wakaweka nyundo zao wakaenda kusali, karakana ikanyamaza. Barke alikuwa jikoni kwake akichambua mchele. Akasikia kwamba kugonga hakujakoma.

Alitoka kichwa wazi. Akaupiga mlango wangu, akaniita jina langu, Mwanaamina, Mwanaamina, na mimi nilimsikia lakini sauti ya kumjibu sikuwa nayo. Akashuka ngazi mbio mpaka njiani, bila ya buibui, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akawafuata mafundi mlangoni mwa msikiti. Wakaja na patasi na mtaimbo wakauvunja ule mlango mzuri wa chuma. Barke ndiye aliyenipokonya mtoto kifuani. Mimi nilipelekwa hospitali, nikapona. Mtoto tulimwita Zainabu, akaoshwa, akasaliwa, na babu yake akambeba mikononi mwake mpaka makaburini, maana alikuwa mdogo hata hakuhitaji jeneza.

Shee alifika kesho yake, mvua ilipopungua. Mama yangu alifika baada yake.

Sasa sikiliza habari ya msiba katika nyumba ile. Watu wa Lamu wakifiwa huja wengi, unajua. Walikuja. Wanawake waliingia chumbani kwangu wakajaa, waliobaki wakakaa kwenye ngazi, mmoja kila kidato, kutoka mlangoni kwangu mpaka chini, magoti yakigusa migongo. Aliyetaka kwenda chooni aliwainua wote. Wanaume walisimama njiani chini ya miamvuli, wengine wakajibanza kwenye milango ya maduka ya watu. Msomaji wa hitima alisomea katikati ya mbao za mafundi. Bwana Athmani alikuwa akipanda na kushuka katikati ya wanawake wale akiomba radhi, na kila akiomba radhi sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo.

Hitima ilipokwisha na watu kutawanyika, Bi Mwanahawa alimwita nduguye chumbani kwangu. Nilikuwa nimelala kitandani. Shee alikuwa miguuni pangu, mama kichwani. Barke alikuwa chini, amejifunika kanga mpaka machoni. Tangu nitoke hospitali hakuwa ametoka kwangu ila kwenda kumnyonyesha mwanawe na kumpikia mumewe.

Kabla ya mtu yeyote kusema, Barke alisema. Alinitazama mimi tu. "Nilikusikia tangu asubuhi," akasema. "Nilidhani ni mafundi."

Niliushika mkono wake. Bi Mwanahawa alimgeukia nduguye. Alikuwa mwanamke mtulivu, hakuwa akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza.

"Athmani, umewaona watu walipokaa?" alimuuliza. "Wanawake ngazini, wanaume ndiani na mvua. Umejenga nyumba isiyo na pahali pa kuzaliwa wala pa kufiwa. Pahali pa kulala tu."

Bwana Athmani alisema, "Dada, nilitaka kuwastiri. Kila mtu na mlango wake, asionwe na mtu."

"Mama yetu alikuwa na stara," akasema Bi Mwanahawa, "na mlango wake ulikuwa wazi tangu alfajiri hata magharibi. Stara yake ilikuwa kwenye ile kona ya kuingilia. Wewe umeiondoa kona, ukatia chuma. Milango umeitazamisha mato kwa mato, kisha wana wa watu wakijifungia twasema ndio tabia za sasa. Wasichana hawa hawakukosa adabu wala hawakukosa mapenzi. Wamekosa pa kukutania."

Baba mkwe wangu alikaa kitako sakafuni, pale pale kwenye saruji, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, akaziba uso kwa viganja. Shee alitaka kumwinua, shangazi yake akamwashiria amwache.

Mwanangu, maneno yale ndiyo yaliyonifungua akili. Mpaka siku ile nilidhani upweke wangu ni udhaifu wangu mimi, msichana wa shamba asiyejua kuishi mjini. Sikujua kwamba upweke unaweza kujengwa, ukapimwa kwa uzi na kupigwa lipu, mtu akakabidhiwa akauchukua kwa shukrani.

Baada ya arobaini yangu, Bwana Athmani alikuja na waashi. Alimwomba mwalimu ruhusa kwanza, akakaa naye akamweleza, na mwalimu akakubali. Wakatoboa ukuta wa jikoni, wakatia mlango mdogo wa mbao wenye komeo pande zote mbili, hata usifunguke mpaka sisi wote wawili tuwe tumetaka. Mlango wangu wa mbele wakauhamisha kando, usitazamane tena na wa Barke. Mafundi wa vitanda akawatafutia mahali pengine, kwa wema, na ile karakana akaifanya ukumbi wazi wenye viti vya mawe kuzunguka kuta. Paa akalizungushia ukuta wa kimo cha bega, akaezeka upande mmoja kwa makuti, na ufunguo akawapa wanawake.

Tukaanza kuonana. Alasiri tulipanda juu na nguo zetu za kuanika, na wapangaji wengine wakapanda, na kumbe kulikuwa na bibi mmoja ghorofa ya juu aliyejua kushona kofia kuliko mtu yeyote niliyemjua, amekaa peke yake muda wote ule na hakuna aliyejua. Watoto wangu waliofuata walizaliwa mikononi mwa Barke na mama yangu. Mwalimu akisafiri, Barke alikuwa akilala na mlango ule wa jikoni wazi. Siku nilipougua malaria nikapoteza fahamu, nilizinduka nikamkuta ameshanipeleka hospitali na kunirudisha.

Ningependa niishie hapo. Lakini nimekuahidi moyoni kwamba nitakuambia yote.

Bwana Athmani hakupona. Alikuwa akija jioni, anakaa katika ukumbi wake mpya, watu wanamzunguka na kuzungumza, naye anatazama ngazi. Hakuwahi kulitaja jina la Zainabu mbele yangu. Mara moja tu, nilipomletea kahawa, alinishika ukingo wa buibui akaniambia, "Niwie radhi, mwanangu." Nilimwambia nimemwia radhi zamani. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Hakufika mbali baada ya hapo.

Alipokufa, nyumba iligawanywa kwa warithi, kama inavyostahiki. Kila mmoja alipata haki yake, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Aliyepata chini aliona viti vya mawe haviingizi kitu, akapangisha ukumbi kuwa duka la simu. Aliyepata juu alimwaga zege akaongeza vyumba, na paa letu likaisha. Mwalimu alihamishwa kikazi Mombasa, Barke akaenda naye, akilia kuanzia mlangoni mpaka gatini. Aliyeinunua nyumba yao aliomba mlango wa jikoni uzibwe. Alikuwa na haki pia. Angeniamini vipi, hanijui? Waliuziba kwa matofali asubuhi moja, mimi nimesimama upande wangu na sufuria mkononi.

Barke alifia Mombasa. Nilipata habari wiki nzima baada ya kuzikwa, kwa mtu aliyekutana nami sokoni akidhani najua.

Shee naye ametangulia. Watoto wangu wamesambaa, wananipigia simu, na simu ni jambo jema. Lakini simu haikushiki mkono. Mimi bado niko ghorofa ile ile, magoti hayanipi ngazi mara nyingi. Juu yangu wanapanga vijana waliokuja kwa kazi, wa kila kabila, wanapanda na kushuka na vitu masikioni, wananiamkia vizuri. Mwaka jana mmoja wao aliugua homa chumbani, peke yake. Waliomkuta ni watu waliofuata harufu. Jina lake tulilijulia kwenye kitambulisho. Nilikuwa nimeishi chini ya nyayo zake muda mrefu, najua saa anayooga na saa anayovua viatu, na sikujua kwao ni wapi. Tulimwombea hapo ngazini, sisi Waislamu kwa dua zetu na wenzake kwa zao, tumebanana vilevile kama tulivyobanana siku ya Zainabu.

Basi haya ndiyo ninayotaka kukuambia, mwanangu, na uyachukue ukiwa bado una kiwanja kitupu, kabla ya mawe.

Anza na stara, kwa sababu mtu asiyestirika hujifungia, na aliyejifungia hamwoni mwenziwe. Usitazamishe mlango na mlango. Ipe kila nyumba kona yake ya kuingilia, ili mtu aweze kuacha mlango wazi na moyo wake utulie. Ngazi usiibane. Ipe upana wa watu wawili na jeneza, ipe dirisha, na pale inapogeuka weka kiti cha mawe, mzee apumzike, na aliyemkuta amepumzika apate sababu ya kusimama. Tenga pahali pa chini pa kukaa watu, na katika hati zako pafanye pa wote, asiweze mrithi mmoja kujikatia kipande na kukiuza. Hili la mwisho Bwana Athmani hakuliwahi, na ndilo lililoangusha yote aliyoyatengeneza. Paa waachie wanawake na watoto na nguo zao. Matangi yatafutie pembe. Majiko yaelekee uani, wapikao waonane na kusemezana. Na kama unataka karakana, usiiweke chini ya vyumba vya watu, ikawafundisha kutosikia.

Wachora ramani watakuambia kwamba nafasi zote hizo hazipangishwi. Ni kweli. Waambie unajua, na kwamba hizo ndizo zitakazofanya vile vyumba vingine viwe nyumba.

Na kama wewe hujengi, ni mpangaji tu katika jengo alilolijenga mwingine, basi usingoje mwenye nyumba. Leo hii, ukirudi, gonga mlango wa pili, sema jina lako na kwenu ni wapi, uulize lake. Utaona haya. Barke aliona haya na vitumbua vyake, na mimi niliona haya siku ya kifaduro, na haya zile hazikumfaa mtu. Ukisikia sauti usiyoielewa ukutani, usijipe sababu. Nenda ukaulize.

Mimi nimesema. Mwenyezi Mungu akuwezeshe kujenga, na akunyooshee mkono wa mwashi wako. Akupe majirani watakaokuulizia siku usipoonekana, na akujaalie uwe wa kuwaulizia wao. Wanaozaliwa chini ya dari yako wapokewe na mikono mingi, wanaougua wasiugue peke yao, na wewe, ukishazeeka humo ukawa hujiwezi, awepo mtu wa kukusogezea maji na kukaa kitako kidogo kabla hajaondoka. Amin, mwanangu, amin.